Kukaa Kigoma na Ujiji Kabla ya Kupanda Meli: Mwongozo kwa Mgeni wa Mara ya Kwanza

Kila likizo inapokaribia, simu yangu hupokea maswali yaleyale kutoka kwa ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki. Tufike Kigoma lini? Tulale wapi? Ujiji inahitaji saa ngapi? Na je, tukishuka kwenye treni asubuhi, tunaweza kupanda boti mchana wa siku hiyohiyo? Nimekuwa nikiyajibu moja moja kwa miaka kadhaa, na sasa naona ni afadhali majibu yakae mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayekuja kusafiri katika Ziwa Tanganyika, iwe kwa meli ya abiria, kwa boti ya kwenda hifadhi ya Gombe au Mahale, au kwa chombo cha kuvuka kwenda nchi jirani, na ambaye angependa kuuona mji wa Kigoma pamoja na Ujiji yake kabla ya kuondoka nchi kavu.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu mengine yote yanalitegemea: safari hii hupangwa kuanzia mwisho. Siku ya chombo kuondoka ndiyo nguzo, na siku za matembezi hufungwa kwenye nguzo hiyo kwa kuhesabu kurudi nyuma. Wageni wengi hufanya kinyume, wanakata tiketi ya kuja, wanajaza matembezi, kisha wanakuta boti imeondoka jana yake au itaondoka keshokutwa wakati likizo imekwisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tenga siku tatu kamili za kukaa mjini, bila kuhesabu siku ya kuondoka. Mbili zinawezekana ukija kwa ndege, lakini utatembea mbio. Pamoja na muda huo, uwe na vitu vifuatavyo:

- Kitambulisho halali. Ukivuka kwenda Burundi, Kongo au Zambia utahitaji pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni vizuri iwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa ndiyo karatasi ambayo watu huisahau nyumbani.
- Fedha za aina mbili: taslimu katika noti ndogondogo, na salio katika simu. Wenye mitumbwi na mama lishe wa ufukweni hawana chenji ya noti ya elfu kumi asubuhi.
- Dawa ya kufukuza mbu, nguo za mikono mirefu za jioni, na uhakika wa chandarua mahali utakapolala. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na homa ikikupata ukiwa katikati ya ziwa, zahanati iko mbali.
- Nguo za heshima za kuvaa Ujiji, ambako wakazi wengi ni Waislamu: gauni refu na kanga au mtandio kwa mwanamke, suruali ndefu kwa mwanamume.
- Namba mbili za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, ya ofisi ya chombo na ya mahali unapolala.

Hatua ya 1: Pata tarehe ya chombo kutoka kwa watu wawili

Usianze na hoteli. Anza na chombo. Ratiba za ziwa hili hubadilika kwa sababu ya matengenezo, shehena, mafuta na upepo. Meli ya Liemba yenyewe, ambayo wageni wengi huiulizia kwa jina, ilisimama miaka kadhaa ikisubiri ukarabati mkubwa, na bado kuna watu waliofunga safari kutoka mbali kwa kuamini ratiba waliyoisoma katika kitabu cha zamani. Piga simu ofisi ya meli bandarini au mwenye boti, kisha thibitisha kwa mtu wa pili ambaye hauzi tiketi hiyo, kwa mfano mwenyeji wako. Rudia zoezi hilo wiki moja kabla, na tena siku mbili kabla.

Uliza maswali manne, na uandike majibu: chombo gani, kinaondoka siku gani na saa ngapi, kinaondokea wapi, na abiria wanatakiwa kufika saa ngapi. Swali la tatu si la kupuuza. Meli kubwa hufunga kwenye gati la bandari, boti za mbao zinazobeba abiria wa vijiji vya kaskazini huondokea ufuko wa Kibirizi, na boti za hoteli za hifadhini zinaweza kukuchukua mahali pengine kabisa.

*Angalizo.* Hakikisha saa unayoambiwa ni ya Kiswahili au ya tarakimu za ukutani. Mgeni wangu mmoja alipata ujumbe mfupi ulioandikwa "tunaondoka 8:00, usichelewe", naye akausoma kama saa nane mchana. Alimaliza chai yake taratibu, akapita sokoni kununua ndizi, akafika ufukweni saa sita akijiona amewahi, na boti ilikuwa imeondoka saa mbili asubuhi. Tangu siku hiyo, kila mgeni wangu humwomba mwenye boti ataje saa kwa mdomo pamoja na neno "asubuhi" au "mchana".

Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma

Tuseme chombo kinaondoka Alhamisi. Jumatano asubuhi ni ya Kibirizi, na mchana wake ni wa maandalizi. Jumanne yote ni ya Ujiji. Jumatatu ni ya kupumzika na kuuzoea mji. Ukija kwa treni au kwa basi, basi Jumapili ndiyo siku ya kufika kwenye tiketi yako, ili Jumatatu iwe akiba: ukichelewa, umepoteza pumziko tu, si Ujiji wala meli. Huo ndio mpango mzima, na unaweza kusogeza majina ya siku upendavyo mradi usiiguse ile siku ya akiba.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kufika

Ndege kutoka Dar es Salaam ndiyo ya haraka, na basi ni la mtu mwenye mgongo mzima. Treni ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye muda, kwa sababu inakupa historia ya mji huu kabla hujafika. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora 1912, na ikaishia Kigoma 1914, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka pwani. Ndiyo asili ya jina ambalo Kigoma huitwa hadi leo, mwisho wa reli. Njia yake kwa sehemu kubwa inafuata uelekeo wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ambayo wapagazi waliitembea kwa miguu kwa miezi, vichwani wakiwa na nguo na shanga wakati wa kwenda na pembe za ndovu wakati wa kurudi, na ambayo watumwa waliopitishwa humo hawakurudi. Kwa treni ya kawaida hesabu usiku mbili njiani, chukua behewa la kulala kama mfuko unaruhusu, na beba maji ya kutosha.

Ukiwa na siku mbili za ziada, shuka Tabora ulale. Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuna tembe ambamo mpelelezi David Livingstone alibaki mwaka 1872 baada ya Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, kuondoka katikati ya Machi. Alikaa humo hadi mwishoni mwa Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Nunua na asali ya Tabora, lakini funga kifuniko vizuri.

Hatua ya 4: Chagua pa kulala kwa kuangalia siku ya mwisho

Kigoma mjini ni karibu na stesheni na bandari. Mwanga ndiko kwenye soko kubwa, pilikapilika na gesti za bei nafuu. Ujiji ina utulivu na historia, ila iko kama kilomita 8 kutoka bandarini. Ushauri wangu ni kulala mahali pamoja siku zote, Kigoma mjini au Mwanga, kwa kuwa Ujiji hufikika kwa daladala au bajaji mchana, lakini kutafuta usafiri na mizigo alfajiri ya kuondoka ni usumbufu usiokuwa na sababu. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: kama kuna chandarua kisichotoboka, kama maji hutoka usiku, na kama mlinzi atakufungulia geti kukiwa bado giza.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, tembea karibu

Kwanza rekebisha saa ya mwili wako. Kigoma iko magharibi kabisa lakini hutumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua hapa huchomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya pwani. Kwa makadirio, linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni. Mtu wa pwani anayesema "saa kumi na mbili asubuhi kutakuwa kumekucha" atajikuta anatembea gizani.

Anza na jengo la stesheni, lililojengwa na Wajerumani, ambalo linatazama chini kuelekea ziwani. Kutoka hapo bandari haiko mbali, na hapo ndipo inapostahili kusimulia habari ya Liemba, hata kama safari yako ni ya chombo kingine. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa Kigoma kwa reli hiyohiyo uliyoshuka nayo. Iliteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yakikaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi wake wakazipaka injini grisi nzito kwanza, wakiwa na matumaini ya kuirudia. Waingereza ndio walioiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Nawaomba wageni wangu wasimame kidogo kwenye hilo la grisi: fundi amepewa amri ya kuizamisha meli yake, naye anatumia muda alionao kuhakikisha haitaoza.

Kutoka Kigoma hii hii, Aprili 1965, mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa usiku pamoja na wapiganaji wa Cuba kwenda Kongo, na Novemba akarudi kwa njia hiyo akiwa ameshindwa.

*Angalizo.* Usipige picha ndani ya bandari, kwenye vyombo vya doria au walipo askari bila ruhusa. Huu ni mji wa mpakani. Omba kwanza, ukikataliwa, shukuru uondoke. Picha nzuri ya ziwa utaipata jioni ukiwa mahali pa juu, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo.

Hatua ya 6: Siku ya Ujiji, isiyopungua nusu siku

Hapa ndipo ninapowasihi watu. Nimeona magari yakisimama kwenye mnara wa Livingstone kwa dakika ishirini, watu wakapiga picha, wakaondoka wakisema wameiona Ujiji. Waliona uwanja wenye miembe. Ujiji ni mji wa kutembea kwa miguu, na mpangilio ufuatao ndio ulionifaa.

Ondoka saa mbili asubuhi kabla ya joto. Fika kwenye eneo la kumbukumbu, lipa kiingilio, na usiingie ndani ya makumbusho mara moja. Kaa kwanza nje, chini ya miembe ambayo husemwa kuwa imetokana na mwembe wa asili, ule ambao Henry Morton Stanley na David Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871. Tarehe inayotajwa sana ni 10 Novemba, ingawa madaftari ya wawili hao hayakulingana, kwa sababu wote walikuwa wamepoteza hesabu ya siku njiani. Kwenye mnara utaona ramani ya Afrika iliyochorwa juu ya jiwe, na msalaba ndani yake. Pia kuna kumbukumbu ya Burton na Speke, wapelelezi Waingereza waliofika Ujiji Februari 1858 wakiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, na baadaye akawa mmoja wa waongoza misafara waliotegemewa kuliko wote katika bara hili.

Sasa tazama ziwa liko wapi. Mgeni makini huuliza swali hili mwenyewe: kama misafara ilifika ufukweni, mbona maji yako mbali na mnara? Jibu ni kwamba katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu zaidi, kisha njia ya mto Lukuga upande wa Kongo ikafunguka na maji yakashuka kwa mita kadhaa ndani ya miaka michache. Mahali unapotembea kati ya mnara na maji palikuwa, kwa sehemu, ziwa.

Ndipo uingie ndani. Sanamu mbili za kimo cha mtu, Stanley na Livingstone wakivuliana kofia, ndizo zinazopigwa picha zaidi. Lakini mwulize mwongozaji habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyemkimbilia Stanley na kumlaki kabla Livingstone hajatoka, na baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, yeye na Chuma walikuwa mbele ya kundi lililoubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo. Uliza pia kuhusu soko la watumwa, chumvi ya Uvinza, pembe za ndovu na mawese, kwa maana biashara hizo ndizo zilizoijenga Ujiji na kuwaleta pamoja Waha, Wamanyema, Wanyamwezi, Waswahili wa pwani na Waarabu. Kutoka hapa Kiswahili kilivuka maji na kuingia mashariki ya Kongo. Mwongozaji mzuri anapoulizwa hivyo huacha maneno aliyoyakariri na kuanza kusimulia, na hapo ndipo unapopata thamani ya kiingilio chako.

Na jambo linalohusu safari yako moja kwa moja: Stanley na Livingstone nao walipumzika Ujiji siku chache tu, kisha wakapanda mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya ziwa, ambako walithibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani na hautoki. Unafanya walichofanya wao.

Mchana, acha eneo la kumbukumbu utembee mitaani. Tafuta nyumba za zamani za mtindo wa pwani, zenye baraza na milango ya mbao. Ukikuta mzee amekaa barazani, mwamkie shikamoo, jitambulishe umetoka wapi, na usikimbilie kutoa simu mfukoni. Mzee mmoja hapa mtaani kwetu hana habari na mgeni anayeanza na kamera, lakini aliyeanza na salamu humtolea kigoda na kumwonyesha kwa fimbo mahali babu yake alipokuwa akianika chumvi. Usiingie msikitini bila kuuliza, na usipige picha za watu wanaooga au kufua ufukweni.

Kula hapohapo. Omba samaki aina ya mgebuka, wa kukaanga au wa kuchoma, kwa ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese. Anayekula mawese kwa mara ya kwanza ale kidogo, kwa kuwa tumbo lisiloyazoea hulalamika, na baada ya siku mbili utakuwa juu ya maji.

Hatua ya 7: Asubuhi ya Kibirizi

Kibirizi iko kaskazini kidogo ya mjini. Nenda mapema, mara tu kunapokucha, mitumbwi inaporudi. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, na hutegemea giza: mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kupanga. Usiku wa giza utaona taa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine, na asubuhi yake ufuko umejaa. Jua pia kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kote kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, basi ukija miezi hiyo uliza kwanza kama kuna kufungwa tena.

Ukitaka kununua dagaa, chukua wachache kiganjani, wasugue kwa kidole gumba, kisha fungua mkono. Waliokaushwa mchangani wataacha chembechembe kwenye mistari ya kiganja. Waliokaushwa juu ya chanja wataacha magamba tu yanayometameta. Vunja mmoja: aliyekauka huvunjika kwa mlio, aliyeguswa na mvua hupinda. Pamoja na hayo, nunua wakati wa kurudi, wala si kabla ya kupanda chombo. Hakuna abiria mwenzako atakayekushukuru kwa kulala na gunia la dagaa pembeni ya kichwa chake. Mawese vilevile yasubiri.

Hatua ya 8: Mchana wa maandalizi

Kamilisha tiketi na uisome mbele ya aliyekuandikia: jina, tarehe, daraja. Kwa wanaokwenda Gombe au Mahale, ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo au kadi, hivyo maliza malipo ukiwa mjini ambako mtandao upo. Uliza umri unaoruhusiwa kwa watoto, na usifiche mafua: sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na kikohozi chako cha kawaida kinaweza kuua familia nzima ya sokwe ambao wamekuwa wakifuatiliwa tangu Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960.

Nunua maji, mikate, matunda magumu, na pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Chaji simu na betri ya akiba. Gawa mizigo miwili: begi kubwa la kuwekwa pamoja na shehena, na mfuko mdogo wa kulala nao wenye hati, dawa, fedha, sweta na tochi. Funga hati ndani ya mfuko wa plastiki. Usiku ziwani kuna baridi kuliko unavyodhani, hasa kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unapovuma.

Hatua ya 9: Siku ya kupanda

Fika mapema kuliko ulivyoambiwa. Kabla hujapanda boti ndogo, angalia jaketi za uokoaji zipo na zinatosha watu wote, uivae yako na uifunge. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mawimbi yake huamka ghafla. Kwa kawaida asubuhi maji hutulia zaidi, kwa hiyo ukipewa uchaguzi, chagua safari ya asubuhi.

Ukipata tatizo

*Chombo kimeahirishwa siku moja.* Rudi Ujiji. Nasema hivi bila kusita, kwa kuwa mara ya pili utaenda mahali ulipopita haraka.

*Kimeahirishwa siku mbili au zaidi.* Kama Gombe haikuwa kwenye mpango wako, sasa iweke. Iko kama kilomita 16 tu kaskazini ya mji. Ila thibitisha boti ya kurudi kabla ya kwenda, maana kukosa meli kwa sababu ulikuwa unaisubiri ni uchungu wa aina yake.

*Umechelewa kufika na siku ya akiba imekwisha.* Acha Kibirizi, punguza matembezi ya mjini, lakini Ujiji ibaki, hata kwa saa nne za asubuhi.

*Mvua kubwa.* Kati ya Novemba na Aprili hili hutokea. Anza na makumbusho, yaani sehemu yenye paa, na uache mitaa ya Ujiji kwa saa mvua inapokatika.

*Homa.* Pima malaria siku hiyohiyo, kabla ya kupanda. Usinunue dawa kwa kukisia, na usipande chombo ukisubiri uone itakuwaje.

*Unatamani kuogelea.* Uliza wenyeji wa ufuko huohuo, wala si wa mjini. Baadhi ya sehemu zina kichocho, na nyingine zina mamba. Maji ya ziwa usiyanywe bila kuchemsha.

*Umekosa chombo.* Usikubali haraka chombo cha kwanza unachoitiwa na kijana wa ufukweni, hata akikuambia kinaondoka sasa hivi. Rudi kwa mwenyeji wako, uliza jina la chombo na la nahodha, nenda ukakione kwa macho kikiwa majini, kagua jaketi zake, na ndipo utoe fedha.